Pishi ya Kompyuta: Terabaiti Moja Ina Ujazo Gani?



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara, kwa simu na hata mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, liko moja ambalo limerudi mno, nalo ni hili: "Nimenunua diski iliyoandikwa terabaiti 1. Nimeichomeka, kompyuta yaniambia gigabaiti 931. Zile 69 zimekwenda wapi? Nimeibiwa?" Mzee wetu mmoja wa Irving aliirudisha diski yake dukani mara mbili, na mara zote mbili akapewa nyingine iliyopungua kwa kiasi kile kile. Kwa upande wa pili, tunayo khabari ya familia moja ya Houston ambao walinunua flashi ndogo ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Kompyuta ikawaonyesha hesabu nzuri kabisa, nao wakaridhika. Kumbe hao ndio walioibiwa.

Visa hivi viwili twaviweka pamoja kwa makusudi. Cha kwanza ni tafauti ya kipimo, na hapana chochote kilichopotea. Cha pili ni wizi mtupu. Asiyejua namna ujazo wa kompyuta unavyopimwa hawezi kuvitenganisha, ilhali vitu tunavyovitia siku hizi ndani ya diski si vya kuchezewa: ni sauti za wazee waliokwisha kutangulia, ni picha za harusi, ni hati za uhamiaji za watoto.

Tuanze na bao, kwani wengi wetu tumekua tukiwatazama wazee wakilicheza barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo manane manane. Tuchukue safu moja tu, na tuweke sharti jipya: kila shimo ama litiwe kete moja, ama liachwe tupu. Hapana kete mbili, hapana nusu kete. Shimo la namna hii lajua kusema mambo mawili tu, "ipo" na "haipo". Katika lugha ya kompyuta shimo hilo huitwa biti. Mashimo mawili yajua kusema mambo 4. Matatu, mambo 8. Na kila shimo tunaloongeza huzidisha hesabu mara mbili. Safu nzima ya mashimo 8 yaweza kupangwa kwa namna 256 zilizo mbalimbali, na safu hiyo ndiyo iitwayo baiti.

Sasa tuyape mashimo thamani. La kwanza kulia lihesabiwe 1, linalofuata 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, na la mwisho kushoto 128. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikubaliana kwamba herufi kubwa A iwe namba 65. Basi tia kete katika shimo la 64 na katika shimo la 1, acha mengine matupu: umeandika A. Ukiongeza kete moja katika shimo la 32 umepata 97, nayo ni a ndogo. Hapana uchawi zaidi ya huo. Tumepata kuwafundisha watoto somo hili kwa trei ya mayai iliyobakishwa vishimo 8 na konzi ya kunde, nao wakalifahamu upesi kuliko baba zao waliokaa nyuma wakitabasamu.

Neno biti lilichapishwa mwaka 1948 katika makala mashuhuri ya Claude Shannon, ambaye alieleza kuwa amelipata kwa mwenziwe, John Tukey. Baiti ni neno la Werner Buchholz wa kampuni ya IBM, la mwaka 1956. Alilitoa katika neno la Kiingereza lenye maana ya kung'ata, akaligeuza tahajia lisije likachanganywa na biti. Kwa hivyo baiti ni tonge, na zamani tonge hilo halikuwa na ukubwa mmoja. Zilikuwako mashine zilizokula biti 6 kwa tonge. Biti 8 zilienea baada ya IBM kutoa kompyuta zake za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964.

Kiswahili chetu, kikiandikwa kwa herufi za Kirumi, kina bahati katika jambo hili: kila herufi ni baiti moja. Neno "kitabu" ni baiti 6. Makala haya mnayoyasoma hayafiki baiti 20,000. Lakini wale wanaohifadhi Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja, wajue kwamba katika mpango wa uandishi unaotumika zaidi leo, uitwao UTF-8, kila herufi ya Kiarabu hula baiti 2, na kila irabu inayotiwa juu yake au chini yake hula nyingine 2. "Kitabu" kikiandikwa kwa kafu, te, alifu na be, pamoja na irabu zake tatu, ni alama 7, yaani baiti 14. Ni zaidi ya maradufu. Hata hivyo, mtu asiogope. Utenzi wa beti 1,000 uliotiwa irabu zote haufiki nusu megabaiti, na picha moja ya simu yaweza kuwa kubwa kuliko tenzi kadhaa za namna hiyo. Maandishi ni mali nyepesi mno. Kinachojaza diski ni picha, sauti, na zaidi ya vyote, video.

Na sisi tunaoishi Texas tu jirani wa jambo lenyewe. Mwaka 1958 mhandisi Jack Kilby aliajiriwa na Texas Instruments hapa Dallas. Ulipofika mwezi wa Julai wafanyakazi wengi walikwenda likizo. Yeye, kwa ugeni wake kazini, hakuwa na likizo ya kuchukua, akabaki na maabara tupu na fikra zake. Tarehe 12 Septemba mwaka huo huo akawaonyesha wakubwa wake kipande kidogo cha gerimani ambacho ndani yake sehemu zote za saketi zilikuwa kitu kimoja, badala ya kuungwa moja moja kwa mkono. Robert Noyce wa California alilifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe muda mfupi baadaye. Kwa wazo hilo ndipo zikaja chipu tulizo nazo mifukoni leo. Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000, akafariki hapa Dallas mwaka 2005.

Chipu ya kumbukumbu twaweza kuifananisha na jumba la vyumba vingi, ambalo anwani ya kila chumba huandikwa kwa biti. Anwani ya biti 1 yatosha vyumba 2. Ya biti 2, vyumba 4. Ukifika biti 10 una vyumba 1,024, wala hapana njia ya kupata 1,000 kamili ila kwa kuviacha vyumba 24 vikae bure. Kwa sababu hiyo mafundi wa chipu tangu mwanzo hawakuijua elfu, waliijua 1,024. Na kwa kuwa 1,024 iko karibu sana na 1,000, waliona hapana madhara wakiazima neno "kilo", ambalo katika vipimo vyote vingine vya dunia maana yake ni elfu moja tu, wakasema: hii ni kilobaiti. Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa, ingawa kwa miaka mingi haukulia.

Haukulia kwa sababu hesabu zilikuwa ndogo. Mfano uko Houston. Mwaka 1982 watu watatu waliotoka Texas Instruments waliasisi huko kampuni ya Compaq, ambayo baadaye, mwaka 2002, ilichukuliwa na Hewlett-Packard. Kompyuta yao ya kwanza, waliyosema ni ya kubebeka, ilikuwa na uzito wa ratili 28, kwa hivyo mbebaji alipaswa kuwa mtu wa mazoezi. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128. Kwa hesabu ya chipu hizo ni baiti 131,072. Kwa hesabu ya elfu zingekuwa 128,000. Tafauti ni baiti 3,072, sawa na ukurasa mmoja wa maandishi. Nani angegombana kwa ukurasa mmoja?

Na maadam tumefika Houston, tusipite bila kuutaja mwezi. Familia nyingi zetu huwapeleka watoto kwenye kituo cha safari za anga kilichoko kusini ya mji. Kompyuta iliyowaongoza watu wa Apollo 11 hadi kutua mwezini mwezi wa Julai 1969 ilikuwa na maneno 36,864 ya kumbukumbu isiyofutika na maneno 2,048 ya kumbukumbu ya kufutika na kuandikwa, kila neno likiwa la biti 16. Ukizidisha, ukagawanya kwa 8, wapata baiti 77,824 kwa jumla. Picha moja ya simu ya megabaiti 3 ni kubwa kuliko kumbukumbu hiyo yote mara 38. Na zile zisizofutika hazikuandikwa kwa umeme hata kidogo. Zilisukwa kwa mikono, na wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts: waya ukipitishwa ndani ya kipete cha sumaku ni 1, ukipitishwa nje yake ni 0. Mama zetu waliosuka ukili wa mikeka, miyaa hii juu na ile chini, wangeielewa kazi hiyo bila ya kuandikiwa maelezo.

Turudi kwenye mgogoro. Sisi watu wa pwani tunao uzoefu wa vipimo vya maradufu. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Ndivyo nafaka ilivyopimwa sokoni kabla ya kilo kuenea, na ndivyo chipu inavyohesabu mpaka leo. Tunao vile vile uzoefu wa neno moja lenye vipimo viwili. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha husikika mjadala: pishi moja ya fitri ni kilo 2 na nusu, au ni kilo 3? Na waliokulia chini ya Mwingereza, walipofika Marekani waligundua kuwa galoni ya hapa ni lita 3.8 ilhali ile ya kwao ilikuwa 4.5. Neno ni lile lile. Chombo ndicho kilichobadilika. Basi "gigabaiti" nayo ndiyo hali yake.

Diski yenyewe haina jumba la vyumba vya maradufu. Ni sahani inayozunguka, imechorwa njia za mviringo, na njia zimegawanywa vipande. Idadi ya njia huwa vyovyote mtengenezaji atakavyoweza. Kwa hivyo watengenezaji wa diski hawakuwa na haja ya 1,024, wakafuata elfu ya kawaida. Kwao kilobaiti ni 1,000, megabaiti ni milioni 1, gigabaiti ni bilioni 1, terabaiti ni trilioni 1. Hawakusema uongo, ndiyo maana halisi ya maneno hayo katika vipimo vingine vyote. Ni kweli pia kwamba hesabu hiyo huifanya namba ya kwenye boksi ionekane kubwa, na mfanyabiashara hachukii jambo hilo.

Diski laini za inchi 3 na nusu, ambazo tulizitumia sana katika miaka ya 1990 kubebea magazeti kama hili hadi penye mashine ya fotokopi, zilivunja rekodi ya kuchanganya mambo. Ziliandikwa megabaiti 1.44. Ujazo wake halisi ulikuwa baiti 1,474,560. Ukigawanya kwa milioni ni 1.47, ukigawanya kwa 1,024 mara mbili ni 1.41. Hiyo 1.44 ilipatikana kwa kugawanya mara moja kwa 1,024 na mara moja kwa 1,000. Ni sawa na muuzaji wa mchele apimaye mwanzo kwa pishi ya Lamu, kisha amalizie kwa mizani ya Wal-Mart.

Sasa tazameni namna tafauti inavyokua. Penye kilobaiti, hesabu ya chipu yaizidi hesabu ya elfu kwa asilimia 2.4. Penye megabaiti, karibu asilimia 5. Penye gigabaiti, zaidi kidogo ya asilimia 7. Penye terabaiti, karibu asilimia 10. Kila daraja unalopanda, 1,024 hujizidisha yenyewe tena. Ndiyo sababu baba zetu hawakuliona tatizo na sisi tunaliona.

Jawabu la mzee wetu wa Irving, basi, ni hili. Diski yake ina baiti trilioni 1 kamili, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Kompyuta yake inatumia Windows, na Windows huhesabu kwa mtindo wa chipu: huchukua baiti hizo na kuzigawanya kwa 1,073,741,824, ambayo ni 1,024 iliyozidishwa yenyewe mara tatu, ikapata 931, kisha ikaandika "GB" mbele yake. Baiti zote zimo. Ni kama mtu aliyenunua galoni 10 za Uingereza akapimiwa nyumbani kwa galoni za Marekani, ila kwa upande wa kinyume. Kwa wanaotaka kulinganisha kabla ya kwenda dukani: diski ya gigabaiti 500 itaonekana 465, ya terabaiti 2 itaonekana 1.81; ya terabaiti 4 itaonekana 3.63, kadi ya gigabaiti 64 itaonekana 59 na ushei. Kompyuta za Apple ziliacha mtindo huo mwaka 2009 zikafuata elfu, kwa hivyo diski ile ile, katika nyumba ile ile, itaonekana terabaiti 1 kwa mtoto mwenye Mac na 931 kwa baba mwenye Windows. Tumeshuhudia ugomvi wa jambo hili.

Simu ni mlango mwingine, nao twaupita haraka. Simu ya gigabaiti 64 hupunguza ziada kwa sababu programu zake zenyewe zimekaa humo ndani kabla yako. Hiyo nayo si wizi. Ni mwenye nyumba kuweka vyombo vyake.

Je, hakuna aliyetaka kusuluhisha? Alikuwako. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoko Geneva, ilitoa majina mapya kwa hesabu ya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, tebibaiti. Majina ni mazuri kwa mwenye kuyajua maana, na huandikwa kwa kutia i ndogo katikati, KiB, MiB, GiB. Lakini watu wa kawaida hawakuyapokea, na kwa Mswahili "kibibaiti" husikika kama mtoto wa kike anaetukuzwa kwa kuitwa kibibi, jambo ambalo huenda likatusaidia kulikumbuka: kibaba hupima mchele, kibibi hupima chipu.

Wamarekani, kama ilivyo ada yao, walikwenda mahakamani. Western Digital ilisuluhishana na wateja walioishitaki mwaka 2006, na Seagate mwaka uliofuata, bila ya kampuni hizo kukiri kosa. Wateja wakapata programu za kuhifadhia nakala, na kwa Seagate, fidia ndogo ya fedha kwa waliostahiki. SanDisk iliposhitakiwa kwa hoja hiyo hiyo, mahakama ya California iliitupa kesi mwaka 2020, kwani boksi lilikuwa limeeleza kwamba gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1. Tazameni nyuma ya boksi lolote, maandishi madogo chini kabisa: maneno hayo yapo.

Jambo jingine la kutahadhari ni kuchanganya biti na baiti. Kampuni zinazotuuzia intaneti hupima kwa biti, na diski hupimwa kwa baiti. Intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde haikuletei megabaiti 100. Gawanya kwa 8, upate 12 na nusu. Katika maandishi ya Kizungu b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na herufi hiyo moja ndiyo inayotafautisha kete moja na safu nzima.

Sasa tufike kwenye hesabu yenye manufaa zaidi nyumbani, kwa sababu mtu hawezi kununua gunia kabla ya kujua ana mchele kiasi gani. Familia nyingi zetu zina sanduku la kaseti. Kabla ya simu za bei nafuu, barua zetu zilikuwa kaseti: mama alikaa na rikoda huko Mambrui au Chake Chake, akazungumza upande wa kwanza, akageuza, akazungumza wa pili, na kaseti ikaja na msafiri. Kaseti hizo zinaharibika. Utepe huliwa na joto na unyevu, na gereji za Houston zina vyote viwili.

Tuseme sanduku lina kaseti 100 za dakika 60. Sauti ikihifadhiwa bila ya kubanwa, kwa mkondo mmoja, kompyuta huipima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo ni baiti 2. Hizo ni baiti 88,200 kwa sekunde, baiti 317,520,000 kwa saa. Mara 100, wapata gigabaiti 31.75. Ukikubali kuibana kwa mtindo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 57.6 tu, na sanduku zima ni gigabaiti 5.76. Twapendekeza nakala ya asili isibanwe, na iliyobanwa iwe ya kuwapelekea jamaa kwa simu. Kwa hivyo maneno yote ya mama, miaka na miaka ya barua zake, yanaingia ndani ya kadi ya kweli ya gigabaiti 64 na nusu yake inabaki tupu.

Video ni habari nyingine. Dakika moja ya video ya simu ya ubora wa kawaida huchukua kati ya megabaiti 60 na 130, kulingana na namna inavyobanwa. Harusi ya saa 3 basi ni kati ya gigabaiti 11 na 23. Mwenye harusi sita na watoto wanne ndiye anayehitaji terabaiti. Mwenye sanduku la kaseti hahitaji.

Hapa ndipo tunapowarudia familia yetu ya Houston. Walikuwa na kaseti za bibi yao wa Lamu, alizorekodiwa akitaja nasaba za mji na nyimbo za harusi ambazo hazijaandikwa popote. Kijana wao alizihamisha zote, kazi ya miezi, akaziweka pamoja na video za nyumba nzima katika ile flashi ya "terabaiti 2". Walipohamia Katy, kaseti zilitupwa pamoja na takataka nyingine, maadam zilikwisha kuhamishwa. Baada ya miezi kadhaa wakataka kumsikiliza bibi. Majina ya mafaili yote yalikuwako. Yakifunguliwa, machache ya mwisho yaliimba na mengine yakawa kimya.

Hila yenyewe ni hii. Ndani ya flashi bandia mna chipu ndogo, tuseme ya gigabaiti 32. Tapeli huibadilisha programu inayoisimamia chipu hiyo, ili ikiulizwa na kompyuta "una ujazo gani?" ijibu "terabaiti 2". Kompyuta huamini inachoambiwa. Unatia gigabaiti 32 za mwanzo, zinakaa salama. Ya 33 ikija, huandikwa juu ya ya kwanza, au hutupwa, na hapana onyo lolote. Orodha ya majina hubaki imejaa, mfano wa daftari la duka ambalo ghala lake ni tupu. Kwa hivyo namba inayoonyeshwa na kompyuta haithibitishi lolote. Thibitisho ni kuijaza flashi mpya mpaka ukingoni na kuisoma tena yote. Programu za bure za kufanya kazi hiyo zipo: H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Mac. Ziendeshwe siku ya kununua, kabla ya kutia chochote, na zichukue muda wowote zitakaochukua. Bei nayo husema: terabaiti 2 kwa bei ya sahani ya biriani haijawahi kutengenezwa.

Nakala moja, hata ya kweli, haitoshi katika nchi hii tunayoishi. Tufani Harvey ya Agosti 2017 iliingia nyumba nyingi za Houston, ikaondoka na albamu, kaseti na kompyuta pamoja. Baridi ya Februari 2021 ilipasua mabomba ya maji huku Dallas na kuwalowesha watu waliodhani mafuriko ni ya Houston. Kwa vile miji yetu iko mbali kwa maili 240 hivi, twapendekeza familia zibadilishane: ya Houston iweke kadi yake kwa jamaa wa Dallas, na ya Dallas iweke yake Houston. Anayetaka kupeleka gigabaiti zile 31.75 kwa intaneti atazame kasi yake ya kupandisha, ambayo aghalabu ni ndogo kuliko ya kushusha. Ikiwa ni megabiti 10 kwa sekunde, itamchukua kiasi cha saa 7. Kadi katika mfuko wa msafiri wa basi itafika mapema zaidi.

Kabla ya kadi kusafiri, fungueni maelezo ya kila faili katika kompyuta ya kwanza na muandike idadi ya baiti kamili, tarakimu zote, si gigabaiti. Idadi hiyo haina mitindo miwili: saa moja ya sauti tuliyoieleza itakuwa baiti 317,520,044, zile 44 zikiwa aghalabu ni utangulizi unaoieleza kompyuta kuwa hii ni sauti. Kadi ikifika, mpokeaji alinganishe idadi kwa idadi, kisha asikilize kidogo mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu flashi bandia nayo huweza kutaja idadi iliyo sahihi. Karatasi ya kufuatana na kadi iwe na jina la msemaji, mji, mwaka aliorekodiwa, muda wake kwa dakika, na idadi hiyo ya baiti. Na kaseti zenyewe zisitupwe mpaka mpokeaji wa mji wa pili apige simu aseme amesikia.